Ukuta wa Ghala Unaotazama Barabara

Jumatatu, 4 Machi

Kitinda,

Simu zangu hupokei, kwa hiyo soma. Barua hii nimempa dereva wa lori la maziwa akukabidhi mkononi, maana ikipitia kwa mtu mwingine utasema haikufika.

Mjomba seremala amenitumia picha. Nilikuwa kazini, nimezungukwa na vibarua wangu, nikafungua simu nikidhani ni picha ya mama. Kumbe ni ghala. Ghala letu, Kitinda, limepakwa marangi kama kibanda cha sarakasi! Ilibidi nisogee nyuma ya mashine ya zege ili watu wasinione uso.

Nimeona wanawake wamebeba magunia. Nimeona mlango mkubwa mwekundu uliouchora pembeni ya mlango wenyewe. Wa mbele mwenye gauni la buluu ni mama, siwezi kukosea. Nyuma yake shangazi, kisha yule jirani yetu asiyesikia. Nikaikuza picha mpaka ikawa madoa matupu, nikitafuta kona hadi kona. Baba simwoni. Aliyefyatua matofali yale ni baba. Aliyepanda juu ya paa na misumari mdomoni ni baba, na mimi nilikuwa chini nikimpa mabati. Leo mtu akipita barabarani atadhani sisi tulizaliwa bila baba.

Ulipohamia nyumbani kumtunza mama nilikushukuru mbele ya ukoo mzima. Sikukupa ruhusa ya kumfuta mtu ambaye hawezi tena kujitetea. Wewe ni mchora mabango. Chora sabuni, chora vinyozi, chora viatu. Ghala liache.

Lifute kabla ya mwisho wa mwezi. Usipolifuta wewe, nitalifuta mimi, na unajua sikosi mafundi.

Msalimie mama. Usimwambie nimekasirika, nahofia moyo wake.

Kaka yako


Ijumaa, 8 Machi

Kaka,

Sipokei simu zako kwa sababu kwenye simu unauliza na kujijibu mwenyewe. Kwenye karatasi angalau nafika mwisho wa sentensi.

Moyo wa mama hauna tatizo lolote. Ungekuwa unakuja, ungejua ni kipi chenye tatizo na kipi kizima. Mara ya mwisho ulikuja kwenye harusi ya binti wa mjomba, ukakaa ndani ya gari ukiongea na watu wa saruji mpaka wali ukapoa. Mama alisimama dirishani kwako na sahani. Ulimwonyesha kidole, yaani asubiri kidogo. Alisubiri. Halafu leo unazungumzia ruhusa.

Mama ndiye aliyetaka picha ile. Aliniita akaniambia, "Nichoree ukuta ule unaotazama barabara." Nikamuuliza nichore nini. Akasema, "Siku tuliyoingiza mavuno, ule mwaka wa mvua nyingi. Wachore wote waliobeba. Wachore wakubwa, rangi kali, uzipige nene." Nikamuuliza, "Na baba?" Akasema, "Baba yenu hakubeba." Akaendelea kuchambua maharage. Basi, hicho ndicho kikao chote.

Wewe ulikuwa shule ya bweni. Ulikuwa unakuja likizo, mfuko wa baba umefunguka, sahani yako imejaa, anakutembeza shambani akikuita mhandisi. Sisi tuliobaki tulimjua mtu mwingine. Ghala alijenga, sibishi. Kisha akalitia kufuli, na ufunguo ukakaa kiunoni mwake mpaka siku tulipomwosha. Mama alilima, akapalilia, akavuna, akabeba, halafu jioni akasimama mbele yake na bakuli kusubiri kupimiwa. Unajua alivyokuwa anasimama? Mguu mmoja juu ya mwingine, kama mtoto wa shule aliyechelewa. Kama baba hana raha siku hiyo, bakuli lilirudi nusu. Nilikuwa nalala nikisikia tumbo la mama likinguruma kwa sababu nusu hiyo tulikula sisi.

Mlango niliouchora uko wazi. Hukuliona hilo kwa sababu ulikuwa unatafuta suruali.

Unajiuliza kwa nini ni kubwa namna ile na kwa nini marangi yanapiga kelele. Muulize mama mwenyewe. Kuna mambo nimeapishwa kutoyasema.

Sifuti.

Kitinda


Ijumaa, 15 Machi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama. Sisi huku ni wazima, wajukuu zako wanakusalimu, mdogo ameota meno ya mbele sasa anatafuna kila kitu.

Mama, nimeandika kwa mkono wangu ili usome wewe peke yako. Tafadhali Kitinda asiione.

Nimesikia habari za ghala. Kitinda anasema wewe ndiye uliyeagiza, na mimi sijawahi kukujua kuwa mtu wa kumwaibisha mume wako barabarani. Nadhani unamwonea huruma mtoto, hutaki kumvunja moyo. Wewe umekuwa hivyo siku zote kwake.

Niandikie neno moja tu. Ukiniambia picha ile ni yako, nitafunga mdomo na sitaufungua tena. Ukinyamaza, nitajua huwezi kusema kwa sababu yuko hapo nyumbani, nami nitafanya linalostahili bila kukusumbua.

Mwanao


Jumapili, 14 Aprili

Bosi,

Salamu. Simu huku haishiki, na sisi tunapitia njia ya juu kwenda kwenye ile kazi ya shule, kwa hiyo barua hii nampa dereva wa lori la maziwa.

Kazi yako imekwisha. Tulikwangua kwanza kwa brashi za waya kama ulivyosema, maana rangi ya mafuta ikiachwa chokaa haishiki. Kisha tukapiga chokaa nzito mara mbili. Ukuta sasa ni mweupe kama yai. Dada yako hakuwepo, anachora duka la mtu mjini na harudi mpaka kesho. Mama alishinda kwa mjomba wako jana kutwa, akarudi giza linaingia. Tulimwambia tumekuja kuangalia paa, kama ulivyotuelekeza. Alitupa chai na mahali pa kulala.

Kuna jambo nimeona nikuambie. Leo asubuhi tukifunga ngazi, mama alitoka. Alisimama mbele ya ghala. Nikajua sasa tunafokewa. Hakufoka. Aliuliza, "Jua limetoka?" Nikamjibu, "Limetoka zamani, mama." Akaketi chini pale pale kwenye vumbi. Tulimwinua, akasema ni kizunguzungu, akarudi ndani akipapasa ukuta. Labda ni uzee.

Na picha, Bosi, nisamehe, ilikuwa imechorwa na mtu anayejua kazi. Mwenzangu alianza kukwangua wale wa nyuma kwa sababu hakuweza kuanza na yule mama wa mbele.

Fundi Rangi


Jumatano, 17 Aprili

Wewe,

Sijui nikuite nani kwa hiyo sikuiti.

Nilirudi Jumatatu jioni. Nilikuta mlango umefungwa, jiko baridi, kuku wanalia njaa. Mama alikuwa chumbani, amejifunga kitambaa machoni, anatembea kutoka kitandani hadi dirishani, kutoka dirishani hadi mlangoni, mikono mbele. Anajigonga, anarudi, anaanza tena. Goti lake lina damu. Nikasema, "Mama, unafanya nini?" Akasema, "Najifunza. Usinishike, nikishikwa sitajua."

Sikiliza sasa, maana kiapo changu kimekufa. Mama haoni. Ameanza kutoona tangu mwaka juzi. Nilimpeleka kwa daktari wa macho, akasema ni mishipa, haina upasuaji, itakwenda ikifa taratibu mpaka siku moja aamke akute ukungu mweupe. Herufi haoni. Nyuso haoni, hata mimi ananijua kwa sauti. Picha za wanao ulizomletea anazishika kichwa chini miguu juu. Kitu anachokiona ni kikubwa, chenye rangi kali, kikiwa palepale kila siku. Ndiyo maana akataka ukuta. Ndiyo maana nikapiga rangi nene. Kila asubuhi alitoka na kikombe chake, anasimama, anautafuta ule mlango mwekundu. Akiuona anasema, "Bado nipo," anaingia kunywa chai. Kisha anawasalimia wanawake wale mmoja mmoja, huyu kwa kijani chake, huyu kwa manjano yake.

Jumapili alitoka akakuta weupe.

Uliwatuma watu wakadanganye kwamba wanatazama paa. Harufu ya rangi imejaa uani kwetu tangu nianze kuchora, angejuaje? Alisimama pale akaona ukungu aliotabiriwa. Akauliza kama jua limetoka, mjinga mmoja akamwambia limetoka zamani. Akajua macho yamekwisha. Akaingia ndani akajifunga kitambaa ili, anasema, tamaa isimsumbue, na akakaa gizani peke yake mpaka niliporudi. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, nilipomfungua kitambaa akaniambia, "Kumbe dirisha naliona," kwa sauti ya mtu aliyeokota kitu.

Kisha nilitoka nje nikauona ukuta wako.

Nimepiga lile ghala mateke mpaka mjomba akaja kunishika. Naye nimemfukuza, yeye na simu yake ya kupiga picha. Wewe una bahati uko mbali, kwa sababu nilikuwa na patasi mkononi na sikuwa na hamu ya kuchonga.

Ulilinda jina la baba. Hongera. Umefanya kama yeye. Umeamua mwenyewe, umefunga, umeondoka.

Usiniandikie.


Jumamosi, 20 Aprili

Kitinda,

Nitakuandikia. Ukitaka chana, lakini soma kwanza.

Barua yako niliisomea ndani ya gari. Nilipomaliza nikatoka nikampigia kelele fundi wa nondo ambaye hakuwa na kosa, nikarudi ndani ya gari nikaisoma tena. Sijui la kumwambia mama. Nimepanga maneno yote yanatoka kama ripoti ya ujenzi.

Lakini na wewe utanisikia. Mwaka juzi! Tangu mwaka juzi mama yangu anapofuka na mimi naambiwa "mama hajambo, anakusalimu." Mliapishana. Mlikaa mezani mkaamua kwamba mimi si mtu wa kuambiwa. Kila nilichotuma mlipokea, kila nilichouliza mlijibu "salama." Mmenifanya mgeni halafu mnashangaa nimeingia na viatu. Ningejua, unadhani ningegusa ukuta ule? Ningekuja kuushikia taa!

Nilimwandikia mama. Nilimwomba neno moja. Niliposubiri bila jibu nikaona amekubaliana nami. Wewe ulikuwepo, barua uliiona inaingia, kwa nini hukumsomea?

Na usinifananishe na baba kwa ubaya. Mtu yule alinibeba mgongoni kuvuka mto mafuriko yalipokata daraja, ili nisikose mtihani. Hilo nililiona kwa macho yangu mawili. Siwezi kulitoa kichwani kwa sababu nyumbani mlilala na njaa. Na kwamba mlilala na njaa, sikujua. Nimekaa nalo tangu uliponiandikia Machi na sijui niliweke wapi.

Nakuja. Nikikuta mlango umefungwa nitakaa nje.

Kaka yako


Jumatano, 24 Aprili

Mwanangu,

Nasema mimi, Kitinda anaandika. Nimemwapisha aandike kila neno, hata lile la kumsema yeye. Sasa hivi amekunja uso, nasikia kwa jinsi anavyokwaruza kalamu.

Kitinda hana kosa katika hilo la barua. Dereva aliniambia umesema Kitinda asiione, nami nilimtii mwandishi. Lori lilipoileta niliifungua mbele ya dereva, nikaona mistari imekimbizana kama siafu. Nikajifanya nasoma. Nikatikisa kichwa, hata nikacheka kidogo mahali ambapo nilidhani pana wajukuu. Mimi ndiye niliyekufundisha herufi, wewe ukiwa huna hata suruali. Ningempa nani anisomee barua ya siri? Niliiweka chini ya godoro nikasema atakuja mwenyewe, nitamuuliza aliandika nini. Hukuja. Walikuja watu wako na ngazi.

Nina hasira nawe, na ujue sina hasira ya kupita. Chokaa ni chokaa, inakwanguka. Lakini uliwatuma wageni wanidanganye uani kwangu, nami nikawapa chai na blanketi. Kama ulidhani ukuta ni mbaya, ungekuja unitukane usoni. Ningekujibu. Tungegombana vizuri, kama watu wa nyumba moja.

Na huyu anayeandika, nina hasira naye pia. Nilimwambia asikuambie, sikumwambia akutukane. Anadhani kunitunza ni kuwakatia watu wote njia. Andika hivyo hivyo. Ameandika? Haya.

Kuhusu baba yako. Alikupenda, hilo simnyang'anyi mtu. Ada yako ilitoka ndani ya ghala lile na sikuiona chungu. Lakini tulipokuwa tukiingiza mavuno, siku ile tu, kabla kufuli halijarudi, mlango ulikuwa wazi kutwa nzima na sisi wanawake tuliingia na kutoka bila kumwomba mtu. Tuliimba. Shangazi yako alianguka na gunia, tukacheka mpaka tukakaa chini. Nilitaka siku ile moja iwe kitu cha mwisho ninachokiona. Sikuwa natukana mtu. Nilikuwa nachagua.

Sasa njoo. Utakwangua kwa mikono yako hiyo inayosaini karatasi. Lete mafuta ya taa ya kusafishia brashi na lete nyekundu, makopo makubwa. Na ufanye haraka, maana asubuhi hizi hata dirisha naanza kubishana nalo.

Mama yako


Jumatatu, 2 Septemba

Kaka,

Umeniuliza kwenye simu mama anaendeleaje nami nikakata. Sikukasirika, au sikukasirika sana. Sikuweza kulisema kwa mdomo, kwa hiyo naandika.

Mama haoni tena ukuta. Ilitokea wiki iliyopita. Alitoka na kikombe chake, akasimama, nikamwona anageuza kichwa huku na huku kama anayetafuta redio. Nikamwendea. Akasema, "Usiniambie uko wapi." Akanyoosha mkono, akatembea mpaka akaugusa mlango mwekundu, ule wa kuchora, akaupapasa hadi kwenye ukingo. Akasema, "Huyu mtu alipaka kama anayesiliba choo." Ni ile sehemu yako. Nilikuambia unyooshe brashi, ukanijibu umesimamia maghorofa.

Hajalia, wala haumii kama ninavyodhani mimi. Anatembea nyumba nzima bila kugonga kitu. Anasema mazoezi alishayafanya mapema, shukrani kwako. Anakusengenya hivyo kwa kila mgeni, nami nacheka, kisha nakumbuka kitambaa kile na hasira inanipanda upya. Nakwambia ukweli ili usije ukadhani imekwisha. Zile siku ulizokuwa hapa tulikuwa tunapigana vijembe juu ya ngazi, tukanyamaza kwa sababu mama alikuwa ameketi chini yetu kwenye kiti anatuamuru. Ulipoondoka ulinipa mkono kama mteja. Na mimi nikaupokea kama fundi.

Lakini alipata siku zake. Mei yote, Juni yote, Julai yote aliwasalimia wanawake wake. Shangazi alipokuja akajikuta ukutani, ameanguka na gunia, alimtukana mama hadi sauti ikakauka, kisha wakakaa mbele ya ukuta wakiimba. Hilo hukuliona. Ningependa ungeliona. Haya, nimeandika, sifuti.

Jana nilimuuliza mama kama anataka nibadilishe chochote. Akasema, "Mimi nimemaliza na ukuta. Sasa ni wenu, kagombaneni."

Nimezunguka ghala lote. Ukuta wa nyuma, unaotazama mto, ni mtupu. Nimeuosha, nimeziba nyufa, nimepiga rangi ya kwanza imekauka vizuri. Wewe una baba aliyevuka mafuriko na mtoto mgongoni. Mimi sikumwona huyo mtu, wala siwezi kumchora, mkono utakataa. Njoo umchore wewe. Najua hujui kuchora. Utamchora na mikono mirefu kama buibui aliyesimama, na maji yatafanana na saruji. Mchore hivyo hivyo.

Sitaugusa mstari wako hata mmoja. Nitakuchanganyia rangi na nitashika ngazi. Nikianza kusema, niambie ninyamaze. Nikiendelea, endelea kuchora.

Kitinda